Kuongoza na Kukuza Bendi ya Shule: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu wa Bendi

Ukitaka kujua hali ya bendi ya shule, usianze na wakubwa wanaopiga mbele ya wageni. Nenda chumba cha wanaoanza, ukae nusu saa. Bendi ya miaka mitatu ijayo inatengenezwa humo, au inaharibiwa humo. Walimu wengi wa bendi huwapa wakubwa saa nzuri na nguvu za asubuhi, halafu wanaoanza wakabakiziwa dakika za jioni na mwanafunzi mmoja wa kuwasimamia. Miaka yangu ya mwanzo nilifanya hivyohivyo. Nilikuwa na bendi iliyosifiwa, na wakubwa wale walipomaliza shule, waliondoka nayo.

Tangu hapo kila jambo ninalopanga, kuanzia ratiba, nota, ala hadi maonyesho, nalipima kwa swali moja: linamfanyia nini mtoto aliyejiunga wiki iliyopita? Mwongozo huu unafuata njia hiyo.

Hatua ya 1: Jua ulichokabidhiwa

Siku ya kwanza usipige hata nota moja. Fungua stoo, toa kila kasha, ukague na uandike. Daftari la ala liwe na namba iliyochongwa kwenye ala, aina yake, hali yake, jina la anayeitumia na tarehe aliyoichukua. Kagua kwa mikono yako: bonyeza vali (vitufe vya ala za shaba) uone kama zinarudi juu bila kusita, telezesha slaidi (bomba linaloteleza) ya tromboni hadi mwisho, tazama pedi (vifuniko laini vya matundu) za klarineti na filimbi kama zimechanika au zimekauka. Kisha gawa ala mafungu matatu: zinazopigika leo, zinazohitaji fundi, na zisizofaa tena. Za fungu la mwisho usizitupe. Skrubu, chemchemi na vifuniko vyake vitaokoa nyingine.

Halafu hesabu watoto kwa madarasa. Ukikuta bendi ya watu 35, na 20 kati yao wako mwaka wa mwisho, ujue una bendi ya watu 15 ambayo bado haijajitambua.

Ukishajua hayo, nenda kwa mkuu wa shule. Omba mambo matatu, na uyapate kwa maandishi: muda kwenye ratiba ya shule, chumba, na fungu la matengenezo. Muda ndio wa kwanza. Vipindi vitatu vya dakika 40 kwa wiki vina faida kuliko kipindi kimoja cha saa mbili, kwa sababu midomo ya anayeanza huchoka upesi, na mwili hujifunza kwa kurudiarudia kidogo kidogo. Mweleze mkuu sababu hiyo. Ukimweleza tu kwamba bendi ni nzuri, atakubali kwa kichwa na ratiba itabaki vilevile.

Hatua ya 2: Panga uwiano kabla ya kugawa ala

Ukiwaachia watoto wachague wenyewe, utapata saksofoni kumi, tarumbeta kumi, foleni ndefu kwenye ngoma, na hakuna hata mmoja wa tuba, ile ala kubwa ya sauti za chini kabisa. Bendi ya namna hiyo haitalia vizuri hata ukiiongoza miaka kumi. Kwa hiyo chora bendi unayoitaka kwanza, kisha utafute watoto wa kuijaza. Kwa watoto 40, huu ni mpangilio ninaouamini:

- filimbi 4
- klarineti 9
- saksofoni za aina ya alto 3 na ya aina ya tena 1
- tarumbeta 6
- horni (ala ya shaba iliyoviringwa) 3
- tromboni 5
- eufoniamu (kama tuba ndogo) 2
- tuba 2
- ngoma na ala nyingine za kugonga 5

Klarineti ni nyingi kwa sababu sauti yake moja moja ni nyembamba na huhitaji wenzake. Saksofoni ni chache kwa sababu mtoto mmoja anaweza kuwafunika wanne.

Siku ya kuonyesha ala, mpange mpiga tuba awe wa kwanza, tena awe yule anayeipenda kweli, apige wimbo ambao watoto wanaujua. Ala inayoletwa mwisho, kwa maneno ya "na hii nayo ipo," hakuna atakayeitaka. Kila mtoto aandike ala tatu anazozipenda, kisha mjaribishe moja moja kwa vipulizio (vipande vinavyowekwa mdomoni) tu, bila ala nzima. Dakika tano kwa kila mtoto zinatosha.

Katika dakika hizo, kwa klarineti naangalia kama ncha za vidole zinaziba matundu bila kuacha upenyo. Kwa tromboni namwambia anyooshe mkono. Akifika nafasi ya sita bila kujipinda, anaweza kuanza. Kwa filimbi natazama mdomo wa juu, kwa sababu mwenye kinundu katikati ya mdomo huo hupata shida kuelekeza hewa, ingawa wapo wanaozoea kwa kupulizia pembeni kidogo. Kwa tuba natafuta pumzi na utulivu.

Horni ina kipimo chake. Sauti zinazotoka bila kubadilisha vali ziko karibu sana, hivyo vidole vikiwa sahihi bado nota inaweza kutoka nyingine. Anayeipiga lazima aisikie nota kichwani kabla ya kupuliza. Namwimbia nota tatu, namwomba azirudie. Akizishika, huyo ni wa horni.

Kwa ngoma namwambia mtoto atembee chumbani huku anapiga makofi, kisha naanza kuongea naye. Makofi yasipoyumba, ana mapigo ndani yake. Tafadhali usiifanye ngoma kuwa mahali pa kuwahifadhi walioshindwa ala nyingine. Mpiga ngoma mmoja asiyejua kuhesabu anaibeba bendi nzima hadi shimoni.

Hatua ya 3: Wiki kumi za kwanza

Hapa ndipo utoe ufundi wako wote. Ikiwezekana, wafundishe kwa makundi ya ala zinazofanana: klarineti siku yao, tarumbeta siku yao. Mkiwa wote pamoja mapema mno, ukiwa unamsaidia wa filimbi mkao wa midomo, wengine thelathini wanajifunza makosa.

Wiki ya kwanza hakuna ala nzima. Watoto wajifunze kukaa mbele ya kiti, mgongo wima, miguu chini. Wavute pumzi kwa mapigo manne na kuitoa kwa manne, kisha nane, kisha kumi na mbili, mabega yakitulia. Halafu vipulizio. Wa saksofoni alto wakipuliza kipulizio peke yake, sauti itoke A kama ya piano (nota huitwa kwa herufi, A hadi G). Ikipanda juu, wanauma; ikishuka, midomo imelegea. Ukiwarekebisha hapa, umejiokoa mwaka mzima wa kusema "usiume."

Wiki ya pili ni ya kufungua kasha na kuunganisha ala. Naifundisha kama somo kamili, kwa sababu ala nyingi za shule huharibikia hapa. Kasha liwekwe sakafuni, kamwe si mapajani, na mfuniko ukielekea juu. Wa klarineti wapake mafuta kwenye koki, ile sehemu laini ya viungo. Wanapounganisha vipande viwili vya katikati, wabonyeze pete za kipande cha juu ili kile kidaraja cha chuma kiinuke, la sivyo kitapinda. Kipulizio cha tarumbeta kiwekwe kwa kuzungushwa kidogo tu. Kisigongwe kwa kiganja hata kama mlio wake unafurahisha.

Kuanzia wiki ya tatu, nota. Bendi nyingi huanza na nota tano, kuanzia B flati ya piano (flati ni nota iliyoshushwa nusu toni, hatua ndogo kabisa kwenye piano): B flati, C, D, E flati, F. Lakini ala hazisomi jina moja kwa sauti moja, na mwalimu lazima ayajue haya usingizini:

- Filimbi, tromboni, eufoniamu na tuba (kwa nota za ufunguo wa besi, alama ya sauti za chini) husoma sauti ilivyo: B flati, C, D, E flati, F.
- Tarumbeta, klarineti na saksofoni tena husoma C, D, E, F, G.
- Saksofoni alto husoma G, A, B, C, D.
- Horni husoma F, G, A, B flati, C.

Bandika orodha hiyo ukutani. Na unapotaja nota mbele ya wote, sema "B flati ya piano," maana ukisema "C" bila kufafanua utapata sauti nne kwa wakati mmoja, na watoto watadhani wamekosea wao.

Mpangilio wa kila kitu kipya uwe huu: wasikie, waimbe, wapige, ndipo waone kwenye karatasi. Mtoto aliyeanza na karatasi hufuata vidole tu. Aliyeanza na kuimba anajua anatafuta nini. Wapo watakaokataa kuimba wakisema wao si kwaya. Imba nao, kwa sauti ya kawaida, bila kuwacheka, na wiki ya nne hakuna atakayekumbuka kwamba alikataa.

Mazoezi ya nyumbani yawe dakika 15 hadi 20, siku tano kwa wiki, tena yawe na jambo moja dogo linalopimika: "kipimo cha 5 hadi cha 8, mara tatu mfululizo bila kosa." (Kipimo hapa ni kisehemu cha wimbo kati ya mistari miwili ya wima kwenye nota.) Ukiwaambia tu waende wakafanye mazoezi, watapiga wimbo wanaoujua tangu mwanzo hadi mwisho, na penye tatizo watapita mbio.

Wiki ya kumi, waite wazazi waje wasikilize dakika kumi. Nota tano zinatosha nyimbo tatu fupi. Mzazi aliyesikia mtoto wake akipiga hatamwondoa bendi kwa sababu ya kelele za nyumbani.

Hatua ya 4: Mazoezi ya bendi nzima

Kwa kipindi cha dakika 60, mgao wangu ni huu. Dakika 5 za kukaa, kupaka mafuta na kuweka nota sawa. Dakika 12 hadi 15 za kupasha moto: pumzi, sauti ndefu, skeli moja (nota zinazopanda na kushuka kwa mpangilio), na wimbo mfupi wa sauti nne wa taratibu. Dakika 25 za kipande kigumu. Dakika 10 za kipande wanachokiweza, wapige mwanzo hadi mwisho. Dakika 5 za mwisho ni za kutaja kazi ya nyumbani na kurudisha ala mahali pake. Andika mpango ubaoni kabla hawajaingia, ukitaja hadi namba za vipimo. Watoto wanapoona mwalimu amejiandaa, wanakaa wenyewe.

Kosa letu kubwa walimu ni maneno. Rekodi zoezi lako kwa simu, kisha lisikilize ukihesabu dakika unazoongea. Mara ya kwanza niliposikiliza la kwangu, karibu nusu ya kipindi nilikuwa nasimulia, na wapiga ngoma walikuwa wamekaa tu. Siku hizi nasimamisha bendi kwa sababu moja, nasema jambo moja, naanza tena: "Tarumbeta, kipimo cha 12, fupi zaidi. Tunaanzia 10." Kisha, na hili husahaulika sana, nawaambia kama imekuwa sawa. Wasipoambiwa, hawawezi kujua kilichobadilika.

Sehemu ngumu ipunguzie kasi hadi waiweze, hata kama ni mapigo 60 kwa dakika. Washa metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo. Wakiiweza mara tatu, ongeza mapigo 4. Inachosha, lakini hakuna njia nyingine, na watoto huipenda wakiona namba inapanda.

Na usikae jukwaani. Nilikuwa na kijana wa tuba, mpole, asiyekosa zoezi hata moja. Muhula mzima nilimwona mashavu yamejaa na vidole vikicheza juu ya vali, na muhula mzima besi sikuisikia. Nilidhani ala ni mbovu. Siku moja nikamwachia mwanafunzi mkubwa aongoze, nikaenda kusimama nyuma kabisa, hatua moja kutoka kwenye kiti cha yule kijana. Hakuwa anapuliza. Alikuwa akimtazama jirani yake wa eufoniamu na kubonyeza vali zilezile, lakini hewa haikuwa ikitoka kifuani mwake. Ufunguo wa besi hakuujua, na hakuna aliyewahi kumuuliza, mimi nikiwa wa kwanza. Tulikaa naye dakika 15 kila siku kwa wiki sita, na akapiga sehemu yake yote. Tangu hapo katika kila zoezi nashuka jukwaani angalau mara mbili, na safari moja lazima ifike safu ya nyuma.

Hatua ya 5: Kutyuni na uwiano wa sauti

Kutyuni ni kuzipatanisha ala ziwe na sauti moja. Kipimo cha kawaida ni A yenye mitetemo 440 kwa sekunde, kiwango kilichowekwa na ISO, shirika la kimataifa la viwango, mwaka 1975 baada ya kukubaliwa kwenye mkutano wa kimataifa London mwaka 1939. Bendi za upepo (za ala za kupulizwa) hutyuni zaidi kwa B flati kwa sababu inazikaa vizuri ala za shaba. Lakini usityuni watoto wakiwa ndio kwanza wameingia. Ala baridi hutoa sauti ya chini. Hewa ya ndani ikipata joto, sauti hupanda. Wapige dakika kumi kwanza. Kwenye ukumbi wenye baridi au jua kali, anza upya, hata kama mlityuni vizuri chumbani.

Kifaa cha kupimia sauti kina faida, lakini kinawafundisha watoto kutyuni kwa macho. Mimi nafanya hivi. Nachukua klarineti mbili, zipige nota moja kwa urefu. Zikitofautiana kidogo, chumba kizima kitasikia sauti inatikisika, wawa-wawa-wawa. Moja ikiwa 440 na nyingine 442, mtikisiko huo huja mara mbili kwa sekunde. Namwambia mmoja avute kiungo cha juu kidogo sana. Mtikisiko unapungua kasi, unapungua, unatulia. Watoto hufumbua macho na kutazamana. Baada ya siku hiyo hawahitaji kuambiwa kutyuni ni nini.

Kila ala ina nota zake korofi. Tarumbeta ikibonyezwa vali ya 1 na ya 3 kwa pamoja, kama kwenye D ya chini, sauti hupanda. Ndiyo sababu slaidi ya vali ya tatu ina pete ya kidole, isukumwe nje. Walimu wengi hawaifundishi, na slaidi hukauka hapohapo. Na kwenye kodi ya meja (nota tatu zinazolia pamoja: ya kwanza, ya tatu na ya tano), mwenye nota ya tatu ashushe kidogo, takriban sehemu 14 katika 100 za nusu toni ukilinganisha na piano, ndipo kodi itulie. Usiwape watoto hesabu hiyo. Piga ya kwanza na ya tano, waambie wa nota ya tatu waiteremshe hadi ikae, watajua wenyewe.

Kuhusu nguvu ya sauti, fikiria piramidi: chini pana, juu pembamba. Tuba, eufoniamu na tromboni ndio sakafu. Filimbi na tarumbeta ya kwanza hukaa juu yao bila kusukuma. Sheria ninayowapa ni fupi: "Kama humsikii aliye chini yako, umezidi." Bendi ya watoto wadogo ikishika hilo tu, husikika kubwa zaidi ya ilivyo.

Hatua ya 6: Kuchagua nota

Kipande kisichowafaa kitakula muhula. Kabla ya kukichagua pitia mambo manne. Tarumbeta ya kwanza inapanda hadi wapi? Mwaka wa kwanza nisingependa ipite D au E ya juu ya nota za kawaida. Klarineti zinavuka mara ngapi kutoka A ya katikati kwenda B? Pale vidole karibu vyote hushuka kwa pamoja, na anayeanza huhitaji miezi kupazoea. Je, sehemu ya tuba ina wimbo wowote, au ni nota mbili tu hadi mwisho? Na wapiga ngoma wote wana kazi?

Kipimo changu cha mwisho: kama baada ya mazoezi mawili hawawezi kukipiga polepole hadi mwisho, nakirudisha kabatini. Aibu haipo hapo. Aibu ipo kwa kuwapeleka jukwaani nusu wakipuliza na nusu wakijificha.

Huna horni? Sehemu yao inaweza kwenda kwa saksofoni alto. Andika kila nota toni moja juu, sauti itatoka ileile. Huna tuba? Saksofoni baritoni au tromboni ya mwisho ichukue besi. Kuandika upya namna hii ni kazi ya jioni nyingi, lakini ndiyo inayomfanya mtoto wa mwisho awe na kitu cha kupiga. Zingatia haki za mtunzi: nunua nota au pata ruhusa kabla ya kuzibadilisha au kurudufu.

Hatua ya 7: Mikono yako

Soma nakala kuu ya nota kabla ya watoto kuiona. Weka alama kila mahali ala inapoingia baada ya mapumziko marefu, imba kila sehemu, kisha simama mbele ya kioo. Mapigo manne: chini, ndani, nje, juu. Matatu: chini, nje, juu. Mawili: chini, juu. Mkono wa kushoto usiwe kivuli cha wa kulia. Uuache kwa kuwaingiza na kuwatuliza watu.

Lililo kubwa kuliko yote ni pumzi ya kabla ya pigo la kwanza. Ukivuta pumzi pamoja nao, kwa kasi ya wimbo wenyewe, wataanza pamoja. Ukishusha mkono ghafla bila pumzi, kila mmoja ataanza na moyo wake.

Hatua ya 8: Watu wanaoibeba bendi

Kila kundi la ala liwe na kiongozi, na umpe kazi ya kweli. Atyuni kundi lake, ashike orodha ya mahudhurio, na aongoze zoezi la kundi dakika 20 kwa wiki. Muhimu zaidi, kila mkubwa akabidhiwe mdogo mmoja wa kukaa naye. Mdogo asipokuja mara mbili, mkubwa ndiye anayekuja kuniambia, na mara nyingi anajua sababu kabla yangu.

Fuatilia wanaoondoka. Kama wameingia 20 na baada ya mwaka wamebaki tisa, tatizo si vipaji vyao. Waite wale 11 mmoja mmoja, uwaulize kwa upole. Majibu niliyopata mimi ni ya kawaida kabisa: ala ilikuwa inavuja akadhani hajui, alikaa nyuma na hakuwahi kuitwa jina, mazoezi yaligongana na masomo ya ziada. Yote yanarekebishika.

Wazazi wape karatasi moja mwanzoni mwa mwaka yenye tarehe zote za maonyesho, wajibu wa kutunza ala na saini yao. Walimu wengine wa shule wape tarehe hizo mapema pia. Mwalimu wa hesabu anayekutwa na darasa tupu bila taarifa atakuwa adui wa bendi, na atakuwa na haki.

Hatua ya 9: Ala na masikio

Ala za shaba ziogeshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, mara moja kwa mwezi. Maji ya moto huharibu rangi ya juu. Vali zipate mafuta yake kila siku mbili au tatu, slaidi zipate grisi. Klarineti na saksofoni zipitishwe kitambaa kila baada ya kupigwa. Kila mpigaji wa ala hizo awe na ridi (kijiti chembamba kinachotetemeka kwenye kipulizio) tatu au nne anazozibadilisha, namba 2 au 2 na nusu kwa anayeanza, na isitumike iliyopasuka ncha.

Kipulizio kikinasa, kamwe usikubali mtu alete koleo. Bomba la tarumbeta ni jembamba, litapinda au kung'oka kwenye viungo vyake. Nunua kifaa maalumu cha kuvutia vipulizio. Ni kidogo, kinakaa mfukoni, na kitakulipa muhula wa kwanza tu. Pedi, chemchemi na mibonyeo mpelekee fundi.

Masikio hayana fundi. Kinga ya kusikia kazini huhesabiwa hivi: desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, hadi dakika 15 tu kwa desibeli 100. Chumba kidogo chenye tarumbeta na ngoma kinaweza kufika huko. Tundika mapazia mazito, tenganisha safu ya tarumbeta na vichwa vya walio mbele yao, wape wapiga ngoma pedi za mpira za kujifunzia, na watoto wanaokaa mbele ya matoazi wapate vizibo vya masikio. Wewe pia vaa. Wewe ndiye unayekaa humo kila siku.

Hatua ya 10: Onyesho

Dakika 30 hadi 40 zinatosha. Wanaoanza watoke kwanza, wapige wanachokiweza vizuri, kisha wabaki mbele wakiwasikiliza wakubwa. Wiki moja kabla, fanya zoezi zima la kuingia, kukaa, kusimama, kuinama na kutoka, maana watoto huogopa zaidi yale yasiyo ya muziki. Beba ridi za akiba, mafuta ya vali, vijiti, vibanio vya kushikia nota zisipeperuke, na nakala ya ziada ya kila sehemu. Siku mbili baadaye, sikilizeni rekodi pamoja. Waanze wao kutaja kilichokuwa kizuri.

Hatua ya 11: Faili la atakayekuja

Anza kuliandaa mwaka wako wa kwanza, si wa mwisho. Liwe na daftari la ala, orodha ya nota zilizopo kabatini kwa namba, ratiba za miaka iliyopita, programu za maonyesho yote, jina la fundi anayeaminika, na ukurasa mmoja kwa kila mtoto: alianza lini, anapiga nini, amefika wapi, anahitaji nini muhula ujao. Ukurasa wa mtoto mpya zaidi uwe juu kabisa, ili atakayefungua faili aanze na huyo.